Meno ya Mpiga Tarumbeta

Daktari wa meno alimwuliza mgonjwa swali, akajibu mke wa mgonjwa.

"Mzee anafanya kazi gani?"

"Anapiga pasi," alisema Mama Pasi.

Mgonjwa mwenyewe hakuwa na uwezo wa kusema. Shavu la kushoto lilikuwa limeumuka kama mkate uliotiwa hamira na watu wawili wasioelezana, na mdomo wa juu ulikuwa umefura hata pua ikakosa mahali pa kukaa. Alilala kwenye kile kiti cha kulaza watu chali, taa imemwelekea usoni, na alichoweza kufanya ni kuinua mkono wa kulia na kuchezesha vidole vitatu hewani. Hiki, hiki, kile, viwili pamoja, hiki tena.

"Usiogope, mzee," daktari alisema, akaushika ule mkono na kuulaza tumboni. "Unatetemeka bure. Ukishachomwa sindano hutasikia kitu."

Mama Pasi alijua kwamba mumewe hatetemeki. Vidole vile vilikuwa vinamweleza daktari kazi yake halisi, kwa lugha ambayo daktari hakuifahamu. Lakini neno lilikuwa limeshamtoka mwanamke, na kulirudisha mbele ya mtu mwenye koti jeupe ni aibu nyingine. Mara ya mwisho kusema "mume wangu anapiga tarumbeta" mbele ya mtu mwenye meza, ilikuwa kwenye ofisi ya kupangisha nyumba. Karani aliinua macho akasema, "Hiyo ni starehe yake, mama. Mimi nimeuliza kazi." Foleni nzima ikaangua kicheko, na mtu mmoja nyuma akatoa sauti ya tarumbeta kwa mdomo. Tangu siku hiyo Mama Pasi alijiapiza kutolitamka tena neno hilo. Kila alipoulizwa, alimwazima mumewe kazi yake yeye mwenyewe, kama unavyomwazima jirani mwavuli, mvua ikipita atarudisha.

"Basi vizuri," daktari alisema. "Haya manne ya juu, ya mbele, yameharibika. Mawili mizizi imekufa kabisa. Haya mengine mawili ningeweza kuyahangaikia, kuyasafisha, kuyaziba, ila ni kuja hapa kila mara na maumivu juu yake. Mtu wa pasi hayamsaidii kitu kazini. Tukiyatoa yote leo, kesho analala usingizi. Baadaye namtengenezea ya bandia, mazuri kuliko haya. Mnasemaje?"

Mgonjwa akanguruma kooni.

"Anasema sawa," alisema Mama Pasi.

*

Mtaani mumewe aliitwa Mashavu, wala si kwa kumdhihaki. Alipopuliza, mashavu yake yalijaa mpaka watoto wadogo walijificha nyuma ya mama zao wakisubiri yapasuke. Alikuwa kwenye bendi ya maharusi tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote, na meno yalianza kumlegea muda mrefu kabla hajamwambia mtu. Jino lilipotikisika alihamishia tarumbeta upande wa pili wa mdomo. Upande wa pili ulipolegea akazidi kulibana, maana mpuliza tarumbeta akikosa nguvu ya pumzi huongeza nguvu ya mkono, na mdomo ndio unaolipia. Alikuwa akipachika kipande kidogo cha nta ya mshumaa nyuma ya meno, anapuliza harusi nzima, kisha anaitema nta kwenye leso akijifanya anakohoa.

Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Neno moja kutoka kwake ulilipata kwa kuliomba, na la pili ulilikosa. Lakini kila alasiri alitoka nyuma ya nyumba, akausogelea ukuta, akapuliza. Mama Pasi, akiwa barazani na meza yake ya kunyooshea na pasi yake ya mkaa, alimsoma mumewe kwa masikio. Alijua leo amekasirika, leo amemkumbuka mama yake, leo ana njaa ila anaona haya kusema. Katika ndoa yao yote Mashavu hakuwahi kutamka "nisamehe." Wakishagombana alikwenda nyuma akapuliza taratibu, chini chini, na mwanamke huku barazani alitua pasi, akasikiliza, akajua ameombwa radhi. Kisha alimwita aje anywe chai.

Mtu akimwuliza kama anapenda muziki, alisema, "Muziki? Mimi nataka utulivu. Yule ananipigia kelele tangu ubikira wangu."

*

Siku ya kuchukua meno, binti yao ndiye aliyempeleka. Binti alikuwa mwuzaji kwenye duka la dawa, amezoea kusema na madaktari bila kukunja mikono.

Daktari alimpachika Mashavu meno mapya, akampa kioo. "Umeona? Kijana kabisa! Sasa rudi kwenye pasi zako, na wateja watakupenda zaidi."

Binti akacheka. "Pasi? Baba huyu hajanyoosha hata leso yake. Baba anapiga tarumbeta."

Daktari alishusha mkono. "Tarumbeta la kupuliza?"

"Kwani kuna la kutafuna, daktari?"

Lakini daktari hakucheka. Alivuta kistuli akakaa, akamtazama Mashavu mdomoni kama mtu anayetazama kiwanja alichobomoa nyumba akaambiwa haikuwa hiyo.

"Yale mawili ningeyaacha," alisema. "Ningeyahangaikia. Niliuliza. Si niliuliza?"

Mashavu aliendelea kujitazama kwenye kioo. Meno yalikuwa meupe, yamepangwa sawasawa, ya mtu mwingine. Akakirudisha kioo polepole mezani.

Walipofika nyumbani binti hakusubiri hata kuvua viatu. "Mama, ulimwambia daktari baba anapiga pasi?"

Mama Pasi hakuinua macho kwenye kola aliyokuwa akiinyoosha. "Nilisema ili tuheshimiwe."

"Tumeheshimiwa, basi. Baba ameheshimiwa meno manne."

"Wewe hukuwepo! Uso wake uliuona? Mtu anakufa usaha, mimi nikae nasimulia habari za harusi?"

Mashavu alipita katikati yao. Akaichukua pasi mkononi mwa mkewe, akalitandaza shati lililofuata, akaanza kunyoosha. Wanawake wawili wakamtazama. Alinyoosha kama mtu anayefuta ubao. Shati lilikuwa la mwalimu mkuu, na kabla hawajawahi kumzuia, mgongo wa mwalimu mkuu ulikuwa na alama ya pasi nzima nzima, ya kahawia, imekaa vizuri kama picha.

"Si ndiyo kazi yangu?" alisema. Meno mapya yalimfanya atoe neno pamoja na mate. Kisha akaingia ndani.

*

Alisubiri fizi zikauke vizuri, halafu alasiri moja akalichukua tarumbeta akaenda nyuma ya nyumba. Mama Pasi alitua pasi mapema, kabla hata ya kusikia kitu.

Kilichotoka ni fuuu, kama birika lililokaribia kuchemka likaghairi. Mashavu akajaribu tena. Lile bamba la meno ya bandia lilichezacheza, likabonyea upande mmoja, likanyanyuka upande mwingine. Akayatoa meno akajaribu bila meno. Mdomo ukazama kwenye pengo, na tarumbeta likatoa mlio wa ndama aliyekanyagwa.

"Mashavu!" jirani aliita ng'ambo ya ukuta. "Leo unalifuta vumbi kwa ndani?"

Alijaribu siku hiyo, na kesho yake, na siku zilizofuata, mpaka jirani akaacha kutania, na hapo ndipo Mama Pasi alipoogopa. Jirani yule hakuwa na huruma na mtu yeyote. Akianza kukuhurumia, ujue hali yako ni mbaya.

Kisha nyuma ya nyumba pakanyamaza. Mashavu alihamia kwenye kiti cha sebuleni, akakaa akitazama mlango. Hakukasirika, hakulalamika, na mwanamke ambaye kwa miaka yote alidai utulivu sasa aliupata hadi ukamfika kooni. Alikosa cha kumsoma. Alimwekea chai, chai ikapoa. Alimchokoza makusudi apate ugomvi, akamwambia kiti hicho kitaota mizizi, akamwambia mwanaume mvivu hunuka hata akioga. Mumewe alisema "ndiyo." Wakagombana upande mmoja, na hakuna aliyeombwa radhi.

*

Kiongozi wa bendi aliitwa Meja, ijapokuwa jeshi pekee aliloliongoza maishani ni la watu saba, na wawili kati yao walichelewa kila siku. Alikuja na mkate mkononi, akakaa pembeni ya Mashavu, akapiga soga ndefu kuhusu joto. Mama Pasi alisimama mlangoni. Mtu akikuletea mkate na kusifia hali ya hewa, kuna jambo.

"Kaka," Meja alisema mwishowe, "tumenunua kinanda. Kina vitufe vingi. Ukibonyeza kimoja, kinalia tarumbeta."

"Kama langu?"

"Kama..." Meja alikuna kidevu. "Kama la mtu asiye na shida yoyote."

Mashavu akatikisa kichwa polepole.

"Lakini wateja wamezoea kuona shaba inang'aa mbele. Kijana wa kinanda amekaa huko nyuma kama karani, hana mvuto. Kwa hiyo nikafikiri, wewe usimame mahali pako. Suti yako, tarumbeta lako. Unaliweka mdomoni, unajaza mashavu, unabonyeza vidole. Sauti tutaileta sisi."

"Nisimame kama sanamu la dukani."

"Sanamu la dukani halilipwi, kaka. Wewe utalipwa kama siku zote."

"Umesikia?" Mama Pasi aliingia sebuleni. "Unalipwa kwa kupumzika! Baba watoto, watu wanaomba bahati kama hiyo wakiwa wamepiga magoti."

Alisema kwa furaha ya kweli. Alikuwa ameona mlango, na mtu aliyebomoa ukuta kwa mkono wake akiona mlango hauulizi unaelekea wapi. Mumewe alimgeukia.

"Unataka niende?"

"Nataka utoke kwenye hicho kiti."

Siku iliyofuata alimsikia akisugua tarumbeta kwa majivu na kitambaa. Likang'aa kuliko lilivyopata kung'aa siku zote lilipokuwa likifanya kazi.

*

Mama Pasi alikwenda kwenye harusi kwa sababu mashati ya bendi aliyanyoosha yeye, na Meja alipenda yavaliwe yakiwa moto. Alisimama kando ya jukwaa, karibu na mlango wa jikoni. Ilikuwa mchana, madirisha yako wazi, wageni wameshiba na wanatafuta sababu ya kuinuka.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ukazidi. Mashavu alijaza mashavu, akafumba macho, vidole vikaruka, na kutoka kwenye spika likatoka tarumbeta safi lisilo na kasoro wala pumzi. Akina mama wa meza ya mbele walimpigia vigelegele. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, jitu nene la suti ya kijivu, alikuja kucheza mbele yake hasa, akimnyooshea kidole, "Huyu! Huyu bwana!" Mama Pasi alijikuta akicheka. Amepona, alijisemea. Watu wanafurahi, yeye amesimama, kuna ubaya gani?

Katikati ya wimbo wa tatu, pale ambapo bendi yote hushuka chini na kumwachia mwenye tarumbeta apande peke yake, umeme ukakatika.

Kinanda kikafa. Spika zikafa. Ngoma peke yake ndiyo iliyobaki ikipiga, na Mashavu katikati ya jukwaa, tarumbeta mdomoni, mashavu yamejaa, na kimya kikimtoka.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha yule wa suti ya kijivu, kwa nia njema kabisa, akapaza sauti: "Endelea, mzee! Tarumbeta halitumii umeme!"

"Endelea! Endelea!" ukumbi ukaitikia, wakaanza kupiga makofi kufuata ngoma. Mashavu alimtazama Meja. Meja alitazama dari. Mpiga ngoma, ambaye alimpenda kama baba yake, hakuacha kupiga. Alizungusha mapigo yale yale kwa upole, akimngoja, kama alivyomngoja kwenye harusi nyingi. Huo upole ndio uliomponza.

"Lishushe," Mama Pasi alinong'ona. "Jikohoze. Jiangushe. Fanya chochote, mume wangu, lishushe."

Aliyaona mabega ya mumewe yakipanda. Alikuwa anavuta pumzi. Alikuwa amedhani, mtu yule, kwamba huenda sauti ikatoka.

Likatoka fuuu. Kisha lile bamba likachomoka, likagonga mdomo wa tarumbeta, likaanguka jukwaani, likaruka mara mbili, na meno manne meupe yakatulia yakiwatabasamia wageni.

Kicheko kilianza kwa watoto, kikapita meza kwa meza. Bibi harusi mwenyewe alicheka hadi akashika shela ajifute machozi. Mpishi mmoja aliyaokota meno kwa karatasi ya kufutia mikono akampelekea mwenyewe, amegeuza uso pembeni. Na wakati huo huo jenereta likawaka nje, umeme ukarudi, na kijana wa kinanda, ambaye kidole chake kilikuwa kimesahaulika pale pale kilipokuwa, akaumalizia mpando wake. Tarumbeta likalia ukumbi mzima, zuri, la juu, lisilo na shida yoyote, huku Mashavu amesimama na lake limening'inia gotini, mdomo ameufumba.

Hapo watu walicheka mpaka viti vikaanguka.

*

Walirudi nyumbani. Mashavu alirudi kwenye kiti chake. Binti alitaka tarumbeta liuzwe ili lisimkodolee macho. Mama yake alimwambia afunge mdomo, kisha akajiinamia kwenye meza ya pasi, akalia juu ya shuka la watu akalazimika kulinyoosha upya.

Baada ya siku chache Meja akaja tena. Safari hii mkate ulikuwa mkubwa zaidi.

"Kuna watu wana sherehe Jumamosi," alisema akiwa bado amesimama. "Wanaitaka bendi yetu. Ila wana sharti." Akacheka kidogo, akaona hakuna wa kucheka naye. "Walikuwepo siku ile. Wanasema hawajawahi kufurahi hivyo. Wanamtaka yule mzee wa meno. Na... yaanguke."

Mama Pasi alikuwa na pasi mkononi, imejaa mkaa. "Shemeji," alisema taratibu, "toka nyumbani kwangu kabla sijakunyoosha ukiwa ndani ya nguo zako."

"Mimi ni mjumbe tu, shemeji! Nimewaambia nitauliza. Nimeuliza. Naondoka."

"Yaanguke kwenye wimbo gani?"

Wote wawili waligeuka. Mashavu alikuwa ameketi vilevile, anatazama mlango.

"Nini?" Meja alisema.

"Wanataka yaanguke kwenye wimbo gani? Ule ule?"

"Ule ule, kaka. Pale pale."

"Sawa. Nitakuwepo."

Meja alitoka haraka kama mtu aliyepewa asichotegemea na anaogopa atanyang'anywa. Mama Pasi aliitua pasi, akaja akakaa sakafuni mbele ya kiti cha mumewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu magoti yake yalipoanza kumsumbua.

"Baba watoto, usiende."

"Uliniambia nitoke kwenye kiti."

"Watakucheka."

"Ndiyo. Ndicho wanachokuja kufanya."

"Nilisema pasi ili wasikucheke." Hakuwa amelisema hilo kwa sauti hata siku moja. "Kwa daktari. Nilisema ili mtu yeyote asikucheke tena."

"Najua."

"Najua tu? Nitukane basi! Nipige hata kofi, nijue tumemaliza!"

Mashavu aliyatoa meno, akayashika kiganjani, maana bila hayo alisema vizuri zaidi. Kisha akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kumpa kwa mara moja.

"Hapa nyumbani nimekaa, mama watoto, na hakuna kitu kinachoniingia. Chai inaniingia, basi. Pale mbele, ngoma iko mgongoni kwangu. Gitaa la besi linapanda kwenye nyayo mpaka magotini. Siku ile kabla ya umeme kukatika, nilikuwa sitoi sauti lakini nilikuwa ndani yake. Kama mtu asiyeweza kuogelea lakini amekaa majini. Sasa wewe nionyeshe pengine pa kukaa. Ukinionyesha, siendi."

Mama Pasi alifikiri. Alifikiri kwa bidii, kama mtu anayepapasa mifuko ya nguo zote ndani ya nyumba. Hakuwa na mahali pa kumwonyesha.

Alasiri ile alivisikia viatu vya mumewe vikizunguka nyumba na kwenda nyuma, kwenye ukuta wake. Alinyanyuka akarudi barazani, akashika pasi kwa sababu mikono ilihitaji kushika kitu. Huko nyuma mguu ulianza kupiga sakafu ya saruji, polepole, sawasawa, moja mbili tatu nne, mdundo wa ule wimbo. Ukafika pale ambapo bendi hushuka chini. Ikatoka fuuu. Kisha kikasikika kitu kidogo kigumu kikianguka.

Mguu ukasimama.

"Yamechelewa," alisema Mashavu, peke yake, kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake. Akainama, akaokota. "Tena."